Bakapu, Akiba na Marejesho: Istilahi za Kuirejesha Tovuti

Katika ofisi nyingi za umma siku hizi husikika swali hili: "Umefanya bakapu?" Anayeuliza huwa ni ofisa wa TEHAMA au mkuu wa idara. Anayeulizwa aghalabu hujibu, "Ndiyo, nimefanya," na mazungumzo huishia hapo. Sisi tunaojishughulisha na istilahi tunaposikia mazungumzo hayo hushtuka mara mbili. Kwanza, neno lenyewe ni geni, na limekuja kushindana na maneno ya Kiswahili yasiyopungua manne. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, jibu hilo halisemi chochote. Halisemi nakala ilichukuliwa lini, imewekwa wapi, ina nini ndani yake, wala kama yupo mtu aliyewahi kujaribu kuitumia.

Makala hii inakusudia kuyachambua maneno yanayotumika kuieleza kazi ya kuirejesha tovuti iliyoharibika kutokana na nakala iliyowekwa kabla ya kuharibika kwake. Mifano yetu mingi tumeitafuta katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huko kuna halmashauri tatu, yaani ya Wilaya ya Mbulu, ya Mji wa Mbulu na ya Wilaya ya Hanang, na kila moja ina tovuti yake yenye anwani ya serikali inayoishia kwa go.tz. Hatukuzichagua kwa kuwa tovuti zake zimepatwa na balaa lolote. Tumezichagua kwa sababu za lugha ambazo zitaonekana tuendeleapo, mojawapo ikiwa ni jina la wilaya yenyewe. Maoni yaliyomo humu ni yetu. Hayajapitishwa na kamati yoyote ya usanifishaji, na wasomaji wana haki ya kuyapinga.

Kitu kabla ya jina

Mfasiri asiyekijua kitu hawezi kukipa jina linalokaa. Kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe.

Mwananchi anayefungua tovuti ya halmashauri huona ukurasa wa mwanzo wenye habari mpya, matangazo, machapisho, picha za miradi na majina ya viongozi. Humdhania kama ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi, ambao karatasi zake zimebandikwa na zipo pale pale usiku na mchana. Sivyo ilivyo. Nyuma ya ukurasa huo kuna vitu viwili vilivyotengana. Kimoja ni mafaili: picha, hati za kupakua, na programu zinazoupa ukurasa sura yake. Cha pili ni kanzidata, yaani majedwali yenye maandishi ya kila tangazo, tarehe yake, jina la aliyeliandika, na maelezo ya hati gani iambatane nalo. Ukurasa mzima haupo mahali popote. Hutungwa upya kila mtu anapoufungua, kwa kuchukua maneno katika kanzidata na picha katika mafaili. Vyote viwili huwekwa katika seva, na seva hiyo kwa kawaida haimo katika jengo la halmashauri. Yaweza kuwa mamia ya kilomita kutoka Katesh au Mbulu mjini.

Kutokana na hayo mtu anaweza kuona mara moja kwamba kuchapa ukurasa kwenye karatasi, au kuupiga picha kwa simu, si kuiwekea tovuti nakala. Kuchukua mafaili bila kanzidata ni kuwa na picha zisizo na maneno. Kuchukua kanzidata bila mafaili ni kuwa na matangazo yanayomwambia msomaji "bofya hapa upate fomu" na fomu isiwepo. Hata vikichukuliwa vyote viwili, vikiwa vya siku mbalimbali havitapatana: kanzidata ya Ijumaa itaziulizia picha ambazo mafaili ya Jumatatu hayakuwa nazo bado.

Waliofanya kazi za ofisi katika miaka ya 1970 wataikumbuka karatasi ya kaboni. Mpiga chapa alipoandika barua, nakala ilizaliwa pamoja na asili kwa pigo lile lile la kidole, moja ikaenda kwa mwandikiwa na nyingine ikaingia katika jalada masijalani. Nakala ya kaboni haikuwa na umri wake. Nakala ya tovuti, kinyume chake, ina saa yake ya kuzaliwa, na tangu saa hiyo huanza kuachana na asili. Tovuti huendelea kuandikwa, nakala imesimama. Tofauti hii ndiyo mzizi wa matatizo yote tutakayoyataja, ya kazi na ya lugha pia.

Majina yanayoshindana

Neno bakapu lina nguvu moja ambayo hatuwezi kuikana: watu wanalo. Husemwa bila kusitasita na maofisa wa Dodoma na wa Dongobesh sawasawa, nalo limekwisha kuzaa kitenzi, "kubakapu", na hata cha kutendewa, "zimebakapiwa". Lugha yetu imepokea motokaa, benki na faili, na haikufa. Hata hivyo neno hilo lina kasoro: halimfundishi kitu asiyekijua. Mwalimu wa shule ya msingi anapolisikia kwa mara ya kwanza hana mahali pa kulishikia.

Miaka ya mwanzo ya karne hii ilileta juhudi za kuifanya kompyuta iseme Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni kubwa za nje nazo zilifasiri programu zao. Kila kundi lilikuwa na wafasiri wake, na wafasiri hawakukaa meza moja. Ndiyo maana leo simu moja itamwambia mtumiaji "hifadhi nakala", nyingine "nakala rudufu", na ya tatu "chelezo".

Tuanze na nakala rudufu, ambalo kwa sasa ndilo lililoenea zaidi katika maandishi. Kitenzi kurudufu si kipya. Kwa mwalimu yeyote wa zamani kinaleta harufu ya wino na stensili: mashine ya kurudufia ilikuwa chombo cha kutoa nakala 40 au 400 za mtihani ili zigawiwe. Wazo lililomo ni la wingi na la kugawa. Nakala tunayoizungumzia haigawiwi. Ikigawiwa, huwa hatari, kwa sababu ndani ya kanzidata mna majina ya watumishi na maneno yao ya siri, hata kama yamefichwa kwa usimbaji. Hatusemi kwamba neno hilo ni kosa. Tunasema kwamba linaeleza jinsi nakala inavyotengenezwa, halielezi kwa nini inatengenezwa.

Hifadhi limechoka kwa kazi nyingi. Mkoani Manyara mtu akisema "hifadhi" bila nyongeza, wa kwanza kukumbukwa ni tembo wa Tarangire. Msikitini na madrasani kuhifadhi ni kuweka moyoni. Katika kompyuta yenyewe neno hilo tayari limepewa kazi ya kila siku ya kuiweka hati unayoiandika isipotee unapofunga mashine. Kulibebesha na mzigo huu ni kumfanya mtu adhani kwamba amekwisha kuweka nakala kwa kuwa tu amehifadhi kazi yake.

Chelezo ni neno zuri la pwani. Ni boya, ni kitu kinachoelea na kukuwezesha kuelea chombo kinapozama. Laiti nchi nzima ingekuwa pwani tungelichagua bila kusita. Lakini mwanafunzi wa Haydom, aliyelelewa juu ya uwanda wa Mbulu, itabidi kwanza afundishwe boya ndipo afundishwe nakala, na istilahi inayohitaji masomo mawili imepoteza nusu ya faida yake.

Linabaki nakala ya akiba. Hili tunalipendelea, nasi tutaonyesha pia ubaya wake. Akiba ni kitu kilichotengwa na matumizi ya leo kwa ajili ya siku isiyojulikana. Kila kaya ya mkulima inaijua: debe la mahindi lisiloguswa, mbegu ya maharage iliyofungwa kando. Neno linataja kusudi la kitu, nalo halihitaji kufafanuliwa Katesh wala Kilwa. Ubaya wake wa kwanza ni methali. Tumezoea kusema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza. Diski huharibika, programu iliyoiandika nakala hutoka katika matumizi, na neno la siri lililoifungia husahaulika pamoja na ofisa aliyehamishwa. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi na tutauona baada ya kulitazama neno marejesho.

Kabla ya hapo tuseme jambo moja kuhusu mfano unaotajwa mara kwa mara na watu wa sehemu hizo. Tangu zamani wafugaji wa Kiiraqw na wa Kidatoga wamekuwa na desturi ya kuweka baadhi ya ng'ombe kwa ndugu au rafiki aliye mbali, ili ugonjwa au ukame ukiingia boma moja usimmalize mtu. Mwalimu akiutumia mfano huu darasani, wanafunzi watalielewa upesi fundisho la kwamba akiba isikae mahali pamoja na asili. Lakini mfano una mwisho wake. Ng'ombe aliyepelekwa kwa rafiki hayumo tena zizini kwako. Umeligawa kundi, hukulinakili. Tena ng'ombe huyo huko aliko huzaa, na ndama wana masharti yao kati ya mwenye mali na mtunzaji. Nakala ya tovuti haizai. Inabaki vile vile ilivyokuwa saa ilipochukuliwa, na mwalimu asipolisema hilo mfano wake mzuri utapotosha.

Kurejesha nini, wapi?

Sasa tufike kwenye neno gumu. Kitenzi kurejesha, na ndugu yake kurudisha, kina maana ya kukipeleka kitu kilikotoka. Kitabu hurejeshwa maktaba. Aliyefukuzwa kazi kwa makosa hurejeshwa kazini. Katika halmashauri, hata hivyo, neno marejesho lina maana moja inayozishinda nyingine zote, nayo ni malipo ya mkopo. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikaanzishwa tena mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii anapouliza "Marejesho yakoje?", hakuna anayefikiria kompyuta.

Na hapa ndipo akiba na marejesho yanapokutana vibaya. Katika VICOBA na SACCOS maneno hayo mawili ni mapacha: mwanachama huweka akiba, hukopa, kisha hufanya marejesho. Mwelekeo wa marejesho ni kutoka kwa mtu kwenda kwenye mfuko. Katika kompyuta mwelekeo umepinduka: kitu kinatoka katika akiba kwenda kwa mwenyewe. Mtumishi mwenye uzoefu wa miaka mingi wa vikundi akiona kwenye kioo kitufe kilichoandikwa "Rejesha" peke yake, si ajabu akidhani anaombwa kupeleka kitu mahali fulani. Mwingine, aliyezoea kusoma kurasa za intaneti, hudhani ni kurudi ukurasa uliotangulia.

Si dhana tupu. Tuliwahi kuona jambo hilo likitokea katika ofisi moja ya umma, nje ya mkoa huu, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Mtumishi aliyekuwa akibandika tangazo alikwama, akaona kitufe cha "Rejesha", akakibonyeza ili arudi nyuma hatua moja. Tovuti nzima ikarudi nyuma wiki saba. Orodha ya walioitwa kwenye usaili ikatoweka. Tangazo la zabuni lililokuwa na siku chache kufungwa likatoweka. Mahali pake likatokea tangazo la kazi ambalo siku yake ya mwisho ilikuwa imepita, na katika siku mbili zilizofuata vijana kadhaa walifika mapokezi na bahasha zao za maombi. Mmoja wao alikuwa ametoka kijijini alfajiri. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza kwamba tangazo alilolisoma lilikuwa limekufa na kwamba ofisi yenyewe ndiyo iliyolifufua. Mtumishi yule aliandikiwa barua ya kujieleza. Sisi tuliona kwamba aliyestahili kujieleza kwanza ni mfasiri.

Kosa la mfasiri lilikuwa kuacha kitenzi bila yambwa. Kiswahili hakikosi zana za kuliepuka. Tungetaka maelekezo yote ya namna hii yaandikwe kwa ukamilifu: "Rejesha tovuti yote iwe kama ilivyokuwa tarehe fulani. Yaliyoandikwa baada ya tarehe hiyo yatafutika." Ni maneno mengi kwa kitufe kidogo, tunajua. Basi kitufe kiwe kidogo na onyo liwe refu. Kuhusu nomino, tunashauri kazi yenyewe iitwe urejeshaji, na neno marejesho liachiwe wahasibu. Ngeli na viambishi vyetu vimetupa tofauti hiyo bure. Ni uzembe kutoitumia.

Kazi inavyofanywa

Mfasiri wa mwongozo wa urejeshaji lazima ajue mfuatano wa kazi, kwa maana kila hatua ina kitenzi chake na vitenzi hivyo havibadilishani.

Hatua ya kwanza haina kompyuta ndani yake: ni kuuliza kama tovuti imepotea au haifikiki tu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano iliyo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora au kukatika katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Siku kama hiyo tovuti huweza kuwa salama salimini katika seva yake, ila njia ya kuifikia imeharibika. Anayeirejesha tovuti ya namna hiyo kutoka nakala ya zamani huwa ameiharibu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo maneno "imepotea", "imeharibiwa" na "haifikiki" yasitumike ovyo katika taarifa, hata kama mwananchi aliyeko nje haoni tofauti yake.

Ikithibitika kwamba imeharibika, hatua inayofuata ni ya kushangaza kwa wengi: huchukuliwa kwanza nakala ya hicho kilichoharibika. Huenda ndani yake mkawa na matangazo ya karibuni yanayoweza kuokolewa, na huenda mkawa na nyayo za aliyevunja. Baada ya hapo ndipo huchaguliwa nakala ya akiba, na si lazima iwe ya karibuni kabisa. Januari 2012 tovuti zaidi ya 100 za Serikali ya Kenya zilivamiwa na kuharibiwa sura na mtu mmoja wa nje. Katika uvamizi wa namna hiyo mlango huweza kuwa ulifunguliwa siku nyingi kabla ya uharibifu kuonekana, na nakala zilizochukuliwa katika siku hizo zina mlango ule ule ndani yake. Kurejesha tovuti bila kuziba mlango na kubadili maneno ya siri ni kumkaribisha mgeni yule yule.

Halafu nakala hujaribiwa mahali pa pembeni, mbali na macho ya umma: mafaili kwanza, kisha kanzidata ya saa ile ile. Ikisimama ndipo huhamishiwa mahali pake. Jaribio hili ndilo linaloachwa zaidi, na si katika ofisi ndogo tu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza programu za watu wengine, ilifuta kanzidata yake kwa makosa ya mtumishi mmoja aliyekuwa akitengeneza tatizo lingine usiku. Walipozikimbilia njia zao mbalimbali za kuweka akiba, iligundulika kwamba kadhaa hazikuwa zikifanya kazi. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa kiasi cha saa 6 kabla, na yaliyoandikwa katika saa hizo 6 hayakupatikana.

Saa hizo 6 zinahitaji jina, na hapa Kiswahili hakina neno lililozoeleka. Tunapendekeza pengo: muda ulio kati ya nakala ya akiba ya mwisho na saa ya kuharibika, pamoja na yote yaliyoandikwa ndani yake. Ofisi ile ya wiki saba ilikuwa na pengo la wiki saba. Pengo huzibwa kwa mkono, kwa kuandika upya tangazo moja baada ya jingine, na linazibika tu ikiwa hati za asili zipo: barua iliyo katika jalada, picha zilizo katika kompyuta ya ofisa habari. Kwa sababu hiyo masijala, ambayo baadhi ya vijana huiona imepitwa na wakati, ni sehemu ya urejeshaji wa tovuti.

Kuhusu mahali pa kuweka akiba, kanuni inayofundishwa kote ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa wameweka asili na akiba katika eneo lile lile walipoteza vyote. Watu wa Hanang hawahitaji kupelekwa Ufaransa ili walielewe jambo hili. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, vikaangukia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Nyumba na maduka yaliyofukiwa yalikuwa na vitu vingi vya thamani kuliko karatasi, na hatutaki kulinganisha msiba huo na upotevu wa mafaili. Tunasema tu kwamba maneno "mahali pengine kabisa" yafasiriwe kwa ukubwa wake: si chumba kingine, si jengo la pili ndani ya uzio, bali mahali ambapo mlima huo huo hauwezi kufika.

Ritifaa ya Hanang'

Tumeahidi kulirudia jina la wilaya. Kwa kanuni za tahajia ya Kiswahili sauti ya mwisho ya jina hilo ni ile ya ng'ombe, na wengi huliandika kwa ritifaa: Hanang'. Wengine huiacha, na anwani ya tovuti ya halmashauri haina budi kuiacha, kwa sababu anwani za intaneti haziipokei alama hiyo. Ndani ya kanzidata, ritifaa ina kazi nyingine: ndiyo alama inayofungua na kufunga kila kipande cha maandishi. Programu nzuri ya kuweka akiba huitangulizia ritifaa ya ndani ya neno alama ya kuilinda. Programu iliyoundwa kwa haraka haifanyi hivyo, na siku ya kurejesha mashine hukutana na neno Hanang', hudhani maandishi yamekwisha hapo, na husimama. Nakala iliyochukuliwa bila lalamiko lolote haisomeki kwa sababu ya jina la mahali.

Tatizo la pili ni laini zaidi. Programu za kuandikia barua hupenda kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Katika mfumo wa usimbaji wa herufi unaotumika sana sasa, ritifaa iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu. Kanzidata ikirejeshwa kwa kuambiwa kwamba herufi zake ni za mfumo wa zamani, kila baiti huonyeshwa kama alama yake yenyewe, na wilaya hujikuta ikiitwa Hanangâ€™. Msomaji huona uchafu huo mara moja; mashine haioni kosa lolote.

Kiiraqw kina tatizo lake pia. Katika maandishi yake mkwaju ni herufi kamili inayowakilisha sauti ya kooni, kama katika neno la mwanamke, /ameeni. Kwa kompyuta mkwaju ni alama ya kutenga folda na folda, na haukubaliwi katika jina la faili. Mwalimu wa Mbulu anayekusanya msamiati na kuyapa mafaili yake majina ya Kiiraqw atalazimika kuchagua alama nyingine, na akiichagua bila kuiandika mahali, atakayeirejesha kazi yake baada ya miaka kumi hataijua. Vitabu vingi vya kompyuta vimeandikwa na watu ambao lugha zao hazina haja ya mkwaju wala ritifaa, na havikuliwaza jambo hili.

Kwa hiyo tunawashauri maofisa wa wilaya hizi wayafanye maneno yao wenyewe kuwa kipimo. Baada ya kurejesha tovuti, watafute ukurasa wenye Hanang', wenye ng'ombe na wenye neno moja la Kiiraqw, wautazame kwa macho. Kisha waandike katika daftari la kazi sentensi ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo istilahi yenye ukamilifu: "Tovuti imerejeshwa tarehe fulani, saa fulani, kutoka nakala ya akiba ya tarehe fulani, saa fulani, pengo ni la siku kadha, matangazo ya pengo yaliyoingizwa upya ni haya, na ambayo bado ni haya." Katika madaftari machache tuliyopata kuyaona, nafasi ya tarehe ya kwanza hujazwa daima. Ile ya pili, ambayo ndiyo inayomhusu kijana mwenye bahasha, mara nyingi huwa tupu.